Rimoti ya Mkono Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Leo wamenipa filimbi.

Mwalimu Onsongo aliitoa mfukoni mbele ya wote, ina kamba mpya ya bluu, akanivisha shingoni kama medali. "Karani, tumekaa tukaonelea wewe uwe mwamuzi wetu. Hakuna mwenye jicho kama lako." Wengine wakapiga makofi. Nilisema asante. Nilipofika nyumbani niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na hapo ndipo nilipojua kwamba nina hasira.

Niandike vizuri nisije nikajidanganya. Tuko madereva watano wa magari madogo ya rimoti, watu wazima wenye kazi na familia. Kila Jumapili alasiri tunashindana kwenye uwanja wa kituo cha kununulia majani chai hapa Ekerenyo, ambako siku za kazi mimi ni karani wa mizani. Namba yangu ni nne. Kabla ya ajali ya pikipiki, Agosti ya mwaka jana, nilikuwa nikimshinda Onsongo mara nyingi kuliko alivyonishinda. Sasa mkono wangu wa kushoto unaning'inia tu. Unahisi baridi, unahisi maji moto, lakini vidole havifungi. Na rimoti zetu zote ni za aina tunayoiita bastola: mkono wa kushoto unashika mpini na kuvuta kifyatulio cha mwendo, wa kulia unazungusha kigurudumu cha usukani. Bila mkono wa kushoto gari haliondoki.

Mashindano makubwa ni Jumapili tarehe 25 Mei, mvua ya masika ikielekea kuisha. Asiyeendesha siku hiyo anapoteza namba yake na mtu mwingine anaichukua. Hiyo ni sheria ya kikundi, na mimi ndiye niliyeiandika, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nina wiki kumi na mbili. Sitapuliza hiyo filimbi.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Majani kidogo, wakulima wanalalamika. Nimefunga bastola kwenye kifua kwa mkanda wa suruali, nikafunga uzi kutoka kwenye kifyatulio hadi kidole gumba cha mguu wa kulia. Nikinyoosha mguu, gari linakwenda. Mke wangu Lavender alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Baba Sharon, unaendesha gari ama unasuka kikapu?"

Nilimwambia asubiri aone. Gari lilikwenda mita sita, uzi ukakatika, likaingia kwenye ndoo ya kuku.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda Nyamira kumwona Osman, ambaye duka lake la spea za simu ndilo linalotuagizia vifaa kutoka Nairobi. Nilimkuta anateremsha mlango aende swala ya Ijumaa.

"Karani, unakuja saa hii? Mfungo umenikausha mpaka siwezi kubishana na wewe. Ingia, ngoja hapo, usiguse kitu."

Aliporudi nilimweleza kuhusu uzi. Alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla, akaniomba nimwonyeshe mkono. Hajawahi kuomba. Aliutazama kama anavyotazama simu iliyoanguka majini, bila huruma, akitafuta nini bado kinafanya kazi.

"Kidole hakuna. Kiwiko?"

"Kinakunja nusu."

"Basi acha habari ya bastola. Wewe unataka rimoti ya vijiti, ile ya watu wa ndege ndogo. Unaiona? Vijiti viwili juu ya kisanduku. Kila kijiti kinakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kijiti kimoja tu kina kazi mbili."

"Lakini usukani uko kwenye kijiti kimoja na mwendo kwenye kingine."

"Nani kasema? Hiyo inaamuliwa na wewe unapochomeka waya kwenye risiva, kile kipokezi kilicho ndani ya gari."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeongezwa cheo.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Sikuigusa.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Osman amenitumia rimoti ya vijiti nijaribu. Haikubali kuongea na risiva yangu ya zamani. Nilipiga simu. Anasema kila kampuni ina lugha yake, na hata kampuni moja hubadilisha lugha baada ya miaka. Rimoti na risiva lazima zichaguliwe pamoja, kama mtu na kiatu chake. Mimi nilichagua moja tu, na nilijiona mjanja.

Nimeandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili risiva ninayoitaka. Iwe ya lugha ile ile. Iwe ndogo, ienee kwenye kiboksi kisichoingiza maji, kwa sababu Mei ni matope. Na mawimbi ya rimoti yakipotea, isimamishe gari yenyewe. Hili la mwisho Osman alilitaja kama jambo dogo. Nimelipigia mstari mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Sabato. Sikuigusa.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza, saa tisa, ya mawe. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana na wakulima. Kila mtu alikuwa anacheka.

Jumapili, 23 Machi

Nilikwenda uwanjani bila filimbi. Onsongo aliuliza iko wapi, nikasema nimesahau. Walishindana bila mwamuzi, wakabishana saa nzima.

Ijumaa, 28 Machi

Risiva bado. Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Risiva imefika! Osman aliileta mwenyewe, bado amevaa kanzu ya Idi, na mahamri kwenye mfuko. Tulikaa kibandani kwangu. Nilichomeka waya wa usukani kwenye tundu la kwanza, waya wa mwendo kwenye la pili, na yote mawili yakatii kijiti cha kulia. Nikisukuma mbele, gari mbele. Nikivuta, breki. Kushoto, kushoto. Kidole gumba kimoja!

Shida ni kushika. Kisanduku ni kizito na kipana. Nikikiweka juu ya magoti, lazima nikae, na aliyekaa haoni kona ya mbali. Nikikibana kwa kiwiko kibovu kinateleza. Osman alisema, "Hiyo ni shida ya seremala, si yangu," akanywa chai akaenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nimeifundisha risiva kusimama. Utaratibu wake ni huu: unaweka kijiti pale unapotaka gari liwe mawimbi yakipotea, kisha unabonyeza kitufe kidogo cha risiva na kukishikilia sekunde tatu. Inakumbuka. Kwa usalama nilichomoa kwanza waya wa mota, gari lisije likaruka mezani. Kwa sababu mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kitufe, niliibana rimoti kati ya tumbo na meza. Taa ilimeta mara mbili. Kazi imekwisha. Antena, ule waya mwembamba, niliukunja vizuri chini ya betri, usionekane.

Jumamosi, 12 Aprili

Sabato. Mahubiri marefu. Sikuigusa.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua kubwa. Majani yamezidi, lori la kiwanda lilichelewa hadi jioni. Wakulima wanakaa juu ya magunia yao wakinitazama kana kwamba lori ni langu.

Jumatano, 23 Aprili

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Lori lilichelewa tena. Mvua ilinyamaza saa tisa na nusu, uwanja ukawa unang'aa. Watu kama thelathini walikuwa kwenye foleni ya mizani na magunia yao. Mtu mmoja akaniambia, "Karani, tuonyeshe hilo gari lako tusilale." Nilijua si saa yake. Sheria ya kituo ni kwamba karani haachi mizani. Lakini nilitaka waone, na zaidi nilitaka habari imfikie Onsongo.

Nilikaa kwenye kiti cha mizani, rimoti magotini. Nilizunguka uwanja mara mbili, safi kabisa. Wazee walipiga kelele. Mama mmoja alisema, "Ebu! Na kidole kimoja!" Nilijisikia mtu.

Ndipo lori likaingia. Lilikuwa limebeba majani mabichi ya vituo viwili vya juu, yanachuruzika maji, likasimama katikati ya uwanja, kati yangu na gari langu. Niliachilia kijiti. Gari lilipaswa kusimama. Badala yake nililisikia upande wa pili likipiga mluzi wa mwendo wa mwisho. Nikavuta breki. Hakuna. Likatokea nyuma ya gurudumu la lori likiwa linaenda kama jiwe lililorushwa, moja kwa moja kwenye foleni, likampiga Mama Mokua kwenye muundi wa mguu. Alianguka juu ya gunia lake, gunia likafunguka, na majani yote yakamwagika kwenye matope.

Niliiweka rimoti chini nikakimbia.

Mama Mokua ana miaka sitini na kitu, mjane, shamba lake liko chini ya barabara. Hakulia. Alikaa kwenye matope akashika mguu, kisha akaanza kuokota majani, moja moja. Tulimwinua. Mguu ulikuwa umevimba tayari. Nilimtaka aende zahanati mara moja. Akasema atakwenda, lakini kwanza majani yake yapimwe.

"Mama, yana matope," nilisema.

"Ni matope ya nani?"

Nilipangusa matope kwenye gunia lake.

"Karani, mwezi wa pili ulinirudishia gunia zima kwa sababu ya majani makubwa. Ukasema sheria ni sheria, kiwandani watayakataa na kituo kizima kitapata aibu. Sikukutukana. Nilibeba nikarudi. Leo sema tena, nikusikie."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Yamekataliwa."

"Haya," akasema. "Sasa nipeleke zahanati."

Mfupa ni mzima. Wamempa dawa ya kupaka na siku tano za kupumzika. Nilipomfikisha kwake nilimwambia kesho alfajiri nitakuja kumchumia majani yaliyoharibika. Alitazama mkono wangu wa kushoto, halafu uso wangu.

"Njoo," akasema. "Nicheke kidogo."

Alhamisi, 24 Aprili

Nilichuma kuanzia saa kumi na mbili na nusu, umande ukinilowesha hadi kiunoni. Miaka kumi na mmoja nimepima majani ya watu, na sikuwahi kuchuma zaidi ya dakika kumi tangu niache shule. Niliutundika mfuko kwenye bega la kulia. Kila nikichuma, mfuko unateleza, nashika mfuko. Naacha mfuko, nachuma. Kufikia saa mbili nilikuwa na majani ya kujaza kofia.

Mama Mokua alikuwa amekaa ukingoni kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, anacheka kweli.

"Karani! Huo mkono unafanya kazi mbili ndiyo maana haufanyi hata moja."

"Nina mmoja tu, mama."

"Hata mimi nilikuwa na mmoja. Mokua alipozaliwa alikuwa mgonjwa, hakai mgongoni, lazima ashikwe hivi. Mwaka mzima nilichuma kwa mkono mmoja, na huyo karani aliyekuwa hapo kabla yako hakuwahi kunirudishia gunia." Alininyooshea kidole. "Lete kikapu kile cha zamani, chenye mkanda. Vaa mkanda begani, upite shingoni, kikapu kikae mbele, kwenye tumbo. Kaza. Sasa mkono usishike kikapu. Mkono usishike kitu chochote. Mkono uchume tu."

Nilifanya alivyosema. Kikapu kilikaa. Mkono ukawa mwepesi. Saa nne nilikuwa nimejaza, majani mawili na chipukizi, hakuna hata moja la kurudishwa. Mara nikasimama katikati ya mistari ya chai, kikapu kikining'inia mbele yangu bila kushikwa, nikakitazama kwa muda mrefu.

"Karani, umepatwa na nini?"

"Mama, naomba uniazime hiki kikapu."

"Ukiomba ng'ombe nitakupa pia? Chukua. Lakini mguu wangu kwanza upone, na hilo shetani lako ulifundishe adabu."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimelipata kosa. Safari hii niliacha waya wa mota umechomekwa, nikaliweka gari juu ya matofali magurudumu yakiwa hewani, nikazima rimoti. Magurudumu yalizunguka kwa mwendo wa mwisho. Nilizima na kuwasha mara sita. Mara zote sita.

Ile tarehe 7, nilipoibana rimoti kati ya tumbo na meza, ukingo wa meza ulikuwa umekisukuma kijiti mbele. Risiva ilikumbuka mbele. Mota ikiwa imechomolewa, sikuona kitu. Tahadhari yangu ndiyo iliyonificha kosa langu. Na antena niliyoikunja chini ya betri, kwa unadhifu, haikusikia chochote lori lilipokatiza.

Nimeandika hivi ili nikumbuke: nilifuata kila hatua, sikujaribu matokeo.

Jumamosi, 26 Aprili

Sabato. Niliomba kwa ajili ya mguu wa Mama Mokua. Sikuigusa.

Jumapili, 27 Aprili

Kikao cha kikundi. Onsongo alikuwa amesikia, nani hajasikia? Alisema nisiruhusiwe kuendesha tarehe 25. Wengine walitazama chini. Nikamwambia mbele ya wote kwamba tangu mwanzo alitaka niwe mwamuzi ili apate nafasi ya kushinda.

Akasema polepole, akiniita kwa jina langu, "Abner, ile siku ya kwanza baada ya hospitali, ulipojaribu bastola nyuma ya kibanda, nilikuwa nakuja kukusalimia. Nilikuona ukiitupa. Nilikuona ukilia. Nikarudi nilikotoka. Sikutaka uonekane hivyo na watu, ndiyo maana nikanunua filimbi."

Sikujua kwamba aliniona. Wiki nane nimemchukia mtu kwa kamba ya bluu.

Hakubadilisha msimamo lakini aliweka sharti: siku ya mashindano, mbele ya kila mtu, niendeshe kwa mwendo wa mwisho kisha nizime rimoti. Gari likisimama, nitaendesha. Lisiposimama, namba nne inakwenda na filimbi inabaki.

"Na wa kusimama mbele ya gari ni mimi," alisema. "Nisiseme kwa mdomo tu."

Nimekubali.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeifundisha risiva upya, kijiti nimekivuta kwenye breki na kukifunga kwa mpira, mota imechomekwa, magurudumu hewani. Nikazima: yakasimama. Antena imesimama ndani ya mrija wa plastiki wa soda, juu ya gari. Lavender ameshona mkanda wa kikapu mahali ulipokatika. Rimoti inalala ndani ya kikapu juu ya blanketi lililokunjwa, usawa wa kitovu. Naweza kusimama. Naweza kugeuka. Mkono usishike kitu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua mchana kutwa. Nimezima mara ishirini, limesimama mara ishirini.

Jumatatu, 5 Mei

Osman alikuja. Alinitazama nimevaa kikapu, akasema nafanana na mtu anayeuza njugu stendi. Kisha akaomba ajaribu, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Aligonga ukuta mara tatu. Nilifurahi zaidi ya inavyofaa.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Sikuigusa.

Jumatano, 14 Mei

Mama Mokua amerudi kwenye foleni, anachechemea kidogo. Nilipima majani yake. Yalikuwa safi. Nilimwita mbele nikamwonyesha mshale wa mizani ausome kwa macho yake mwenyewe, na tangu sasa nitafanya hivyo kwa kila mtu. Nilipaswa kufanya hivyo miaka yote.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Kona ya choo cha kituo inanishinda. Nimerudia mara arobaini.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Kona ya choo, mara hamsini. Sasa hainishindi, ila bado hainipendi.

Jumamosi, 24 Mei

Sabato. Sikuigusa, lakini niliifikiria kanisani. Nisamehewe.

Jumapili, 25 Mei

Mawingu mazito, mvua haikunyesha. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na nilijua wamekuja kwa sababu gani.

Nilivaa kikapu. Mmoja akacheka, hakuna aliyemfuata. Onsongo alikwenda mwisho wa uwanja, kama alivyoahidi, akasimama na miguu pamoja. Nilikuwa nimeshika swichi ndipo Mama Mokua alipotoka kwenye watu, na gumbuti zake, akamshika mwalimu kwenye mkono wa shati.

"Mwalimu, toka hapo."

"Mama, tumekubaliana ni mimi."

"Wewe ulikubaliana na nani? Aliyegongwa ni nani? Toka."

Onsongo alinitazama. Nilisema, "Mama, hapana. Ukiumia tena..."

"Karani, umejaribu au hujajaribu?"

"Nimejaribu. Mara mia mbili na kumi na nne."

"Basi mimi nataka ya mia mbili na kumi na tano. Leta."

Onsongo alisogea pembeni, lakini hatua moja tu.

Nilisukuma kijiti mbele hadi mwisho. Gari lilirusha matope nyuma, likanyooka. Nilimwona Mama Mokua amekunja mikono kifuani, kidevu juu, kama anavyosimama mbele ya mizani yangu. Katikati ya uwanja, kidole gumba kikiwa bado kimesukuma kijiti mbele, nilinyoosha kidole kingine hadi kwenye swichi, nikazima.

Kwa muda mfupi nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote nikiwa na kikapu chenye kisanduku kilichokufa, na sikuwa na la kufanya tena.

Magurudumu yalijifunga. Gari liliteleza kwenye matope, likageuka upande, likasimama. Onsongo alipima kwa hatua zake: nne kamili mpaka kwenye gumbuti. Mama Mokua aliinama, akaliinua, akaliangalia tumboni kama kuku wa sokoni, akaniletea mwenyewe.

"Limepata adabu," akasema.

Kuhusu mashindano nitaandika kwa ufupi. Mizunguko kumi. Onsongo wa kwanza. Mimi wa nne kati ya watano. Kona ya choo ilinishika mara mbili, na mara ya pili nilijicheka kabla wengine hawajanicheka.

Hakukuwa na mwamuzi, kwa hiyo kukawa na ubishi mkali kuhusu nani wa pili. Nilikuwa na filimbi mfukoni. Niliibeba asubuhi, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuipokea kama nitashindwa. Nilimpa Mama Mokua. Aliipuliza kwa nguvu hata mbwa wakabweka ng'ambo ya barabara, akatangaza wa pili ni nani, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Onsongo aliandika orodha ya msimu ujao juu ya gunia tupu kwa kalamu ya wino mzito. Nilisimama nyuma yake nikimtazama akiandika. Namba moja, mbili, tatu. Alipofika kwenye nne hakuinua kichwa kuniuliza.

Kikapu nitakirudisha kesho. Lavender ameanza kunishonea changu.